Kiti Namba Kumi na Nne

Siku viti vipya vilipoletwa, hakuna aliyethubutu kukalia hata kimoja. Vilikuwa thelathini na viwili, vimezungushiwa nailoni, vikapangwa kwenye korido ya ofisi ya ramani, na watu wazima wenye vyeti vyao ukutani wakawa wanavizunguka kwa mbali kama kuku aliyeona kamba akadhani nyoka.

"Kiti gani hiki chenye waya?" aliuliza mmoja.

"Na vitufe," akadakia mwingine. "Kitanirusha wapi mimi na umri huu?"

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha meno tu.

Fundi aliyevileta, mtu mpole mwenye kishikwambi kwapani, akawakusanya akawaeleza. Jengo hili linakula umeme kupita kiasi, alisema, na mlaji mkubwa ni kiyoyozi kikuu kilichoko darini. Kinapoza ukumbi mzima, makabati, korido, hata kile chumba cha ndoo na mifagio, kumbe anayehitaji hewa ni binadamu tu. Sasa kila mtu atakuwa na hewa yake. Ukibonyeza kitufe cha bluu, vifeni vidogo vitakupuliza mgongoni. Ukibonyeza chekundu, nyaya zilizomo ndani ya kikalio zitakupasha joto. Kiti kimoja kinatumia umeme mdogo kuliko taa ya mezani. Kwa mwezi mmoja kiyoyozi kikuu kitabaki vilevile, digrii kumi na nane, na viti vitahesabu nani anataka baridi na nani anataka joto. Mwezi ukiisha, kiyoyozi kitapangwa kufuata hesabu hiyo.

"Vitahesabu?" sauti ya nyuma ikauliza. "Halafu vitamwambia nani?"

"Vitaniambia mimi," fundi akajibu, akakipigapiga kishikwambi chake kwa mapenzi. Hapo ndipo alipoharibu.

Katika wote waliokuwa pale, hakuna aliyelisikia jibu lile kwa hofu kama mchora ramani wa meza ya dirishani, yule waliyembatiza Bi Sweta. Alikuwa akija kazini na sweta mbili, mtandio na soksi za sufu, mwezi wowote ule. Wenzake walimtania kwamba anangoja theluji. Naye alicheka nao, akasema damu yake nyepesi, na uongo huo ulikuwa jirani kabisa na ukweli. Alizaliwa na selimundu. Kwa mwenye ugonjwa huo baridi si jambo la kujifunika likapita: maumivu huanzia vidoleni, yakapanda viwikoni, yakashuka nyongani, na baada ya hapo ni kitanda cha hospitali na dripu. Ofisini hakuna aliyejua. Katika kazi yake ya kwanza alisema kweli, tena akaiandika kwenye fomu, na kabla ya miezi mitatu kuisha walimuaga kwa maneno matamu na kadi iliyosainiwa na kila mtu. Hakuwa na haja ya kadi nyingine.

Mwaka huu alikuwa amekwisha kukosa kazini siku kumi na moja, kwa visingizio vya mafua, vya jino, na vya msiba wa shangazi ambaye mpaka leo yu hai na anakula vizuri. Utumishi wakamwandikia barua yenye saini ya Mkuu wa ofisi: akikosa tena kwa ugonjwa, atapelekwa kwa daktari wa bodi akapimwe kama anafaa kuendelea na kazi. Daktari wa bodi angetoa damu. Na damu, tofauti na yeye mwenyewe, haikujua kudanganya.

Sasa tazama balaa lenyewe. Kitufe chekundu kilikuwa pale, chini ya kiganja chake cha kulia, dawa aliyoiomba miaka yote. Akikibonyeza, atajulikana. Asipokibonyeza, ataugua, kisha atajulikana vilevile. Alikigusa kwa ncha ya kidole, akakipapasa, akawa anapiga moyo konde. Hakubonyeza, kwa sababu Jicho alikuwa anakuja.

Jicho alikuwa mtunza mafaili, mrefu wa kuinama kila mlango, na jina lile hakupewa bure. Alijua nani kachelewa, nani kanuniwa nyumbani, nani kaacha sukari kwenye chai. Mafaili ya wafanyakazi wote yalilala kwenye kabati lake, na ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwake. Bi Sweta hakumpenda. Hakukosewa lolote naye, ila mwenye jambo la kuficha atampendaje mwenye macho?

"Dada," Jicho alisema kwa sauti ya chini, akiinamia meza yake. "Usibonyeze nyekundu."

"Kwa nini, kaka?"

"Nimepita mlangoni kwa Mkuu sasa hivi. Nimemsikia kwa masikio yangu haya anamwambia fundi, 'Hao watakaobonyeza nyekundu, niletee majina yao.' Majina, dada. Si idadi." Akavitazama vidole vya Bi Sweta, ambavyo mwenyewe alikuwa amevikunja ndani ya mikono ya sweta. "Nimeona nianze kukuambia wewe."

Akaondoka. Bi Sweta akabaki na swali limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa nini aanze na mimi? Ofisi ina watu thelathini na wawili. Amesoma faili langu huyu. Amehesabu zile siku kumi na moja, amemuulizia shangazi, amejua. Anataka niogope ili anione ninavyoogopa.

Kufika saa saba mchana habari ilikuwa imezunguka ukumbi mzima, na kila ilipopita iliongezwa chumvi. Nyekundu ni mgonjwa. Mgonjwa ni mzigo. Mizigo itapunguzwa mwisho wa mwezi. Mpokea wageni, mama mmoja mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akasema amepata kusikia mahali fulani viti vya namna hii vilipima hadi mapigo ya moyo. Mahali gani, hakukumbuka, lakini lisemwalo lipo. Baadaye kidogo likaja lingine kubwa zaidi: hata asiyebonyeza chochote ataandikwa, maana huyo ana la kuficha.

Basi wote wakabonyeza bluu.

Ungeingia ofisini wiki ile ungecheka mpaka ukae chini. Darini kiyoyozi kinavuma digrii kumi na nane, mgongoni vifeni vinapuliza, na watu wamekaa wima wanatabasamu huku midomo imewakauka. Mpima ardhi mmoja alikuwa akichapa ripoti na glavu za pikipiki mkononi. Mpokea wageni alijifunga blanketi la mjukuu wake kiunoni akasema ni mtindo. Mtu akimuuliza mwenzake, "Vipi kiti?" anajibiwa, "Safi sana, kinapoza vizuri," kisha kila mmoja anageukia meza yake apulize viganja.

Bi Sweta alibonyeza bluu kama wengine, hatua ya chini kabisa. Kwenye begi alibeba chupa ya maji ya moto aliyoizungushia taulo, akaipakata chini ya meza. Ikifika saa tano chupa imepoa, na yeye hawezi kwenda jikoni kuchemsha nyingine bila Jicho kuinua shingo kutoka kwenye mafaili yake. Kila alipogeuka alimkuta anamtazama. Naye huyo bwana akitazamwa, hakwepeshi macho. Anaitikia kwa kichwa, kama mtu mliyekubaliana naye jambo.

"Mwambie huyo Mkuu wako," dada yake mkubwa alimwambia jioni kwenye simu, kama alivyomwambia kila mwezi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua, mdogo wangu."

"Kifo kiko mbali, dada. Utumishi uko ghorofa ya pili."

"Wewe cheka tu."

Hakuwa anacheka. Wiki ya tatu vidole viliacha kunyooka asubuhi. Aliishika kalamu ya ramani kwa ngumi, mstari wa mpaka wa shamba ukamtetemekea, akaufuta, akauchora, akaufuta tena. Ijumaa ile maumivu yalifika kiwikoni. Alijua hesabu ya mwili wake vizuri kuliko ya ramani: zilibaki siku tatu, nne kwa bahati, kabla ya kitanda.

Mchana huo wote walipoteremka kula, alibaki juu. Kila kiti kilikuwa na namba kwenye bati dogo nyuma ya mgongo, na orodha ya namba na majina ilikuwa utumishi. Chake kilikuwa namba ishirini na tisa. Cha Jicho kilikuwa kumi na nne. Katika ofisi ile mtu hakai kwenye kiti cha mwenzake; unaweza kula chakula cha mwenzako usamehewe, lakini kiti, hapana. Ndiyo maana hakuna aliyefikiri kuvikagua. Bi Sweta akakisukuma chake hadi kwenye kabati la mafaili, akakivuta kile cha kumi na nne hadi dirishani, akakishusha kimo kimfae, akatundika mtandio juu ya lile bati. Alijiambia: amependa kuchungua watu, basi naye achunguzwe.

Kisha akakaa, akabonyeza nyekundu hadi mwisho.

Joto lilipanda polepole mapajani, likamfikia kiunoni, likampanda mgongo wote. Aliona aibu namna machozi yalivyomtoka. Miaka minne alikuwa amefanya kazi katika chumba kile na hakuwahi hata siku moja kukaa bila kuukaza mwili. Aliinamia ramani wenzake waliporudi wasimwone uso, na saa tisa alikuwa amemaliza mipaka ya mashamba mawili, mistari imenyooka.

Siku tisa za kazi alikaa kwenye joto la mtu mwingine. Vidole vilifunguka. Lakini kadiri mwili ulivyopona ndivyo shaka ilivyonenepa, maana Jicho hakulalamika, hakuuliza, hakukigeuza kiti hata kidogo. Asubuhi alimwamkia kwa uchangamfu kuliko zamani. Siku moja alimletea kikombe cha chai ya moto, akakiweka mezani bila neno, akaenda zake. Bi Sweta hakuinywa. Mtu hakuletei chai bure. Alimwaga ile chai kwenye sinki, akaosha kikombe, akakirudisha kikiwa kikavu.

Mwezi ukaisha. Wakaitwa ukumbini wote, wakasimama kati ya meza, na fundi akaja mbele na kishikwambi chake, uso umemshuka.

"Nimefunga viti hivi katika majengo mengi," alisema. "Sijawahi kukutana na watu kama nyinyi. Katika watu thelathini na wawili, thelathini na mmoja wanataka baridi zaidi ya hii."

Watu waliojifunga mitandio wakatazama sakafu.

"Kwa hesabu hiyo, kuanzia Jumatatu kiyoyozi kikuu kitashushwa hadi kumi na sita. Nilikuja hapa kupunguza umeme. Sasa ninauongeza." Akatelezesha kidole kwenye kishikwambi. "Isipokuwa kiti kimoja. Namba kumi na nne. Hicho siku tisa mfululizo ni nyekundu, tena nyekundu ya mwisho."

Mkuu, aliyekuwa amesimama pembeni na suti yake iliyofungwa vifungo vyote, akainua kichwa haraka.

"Kumi na nne ni ya nani?"

Bi Sweta aliutazama mtandio wake kitini. Sasa Jicho ataruka, ataapa kwa mama yake kwamba hajawahi kugusa nyekundu, watavitazama viti, watautoa mtandio.

"Ni mimi, Mkuu," Jicho akasema.

Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Bi Sweta baridi kuliko kiyoyozi.

"Njoo ofisini kwangu. Sasa hivi."

Wakaingia wawili, mlango ukarudishwa. Ukumbini minong'ono ikaanza, maskini Jicho, ndiyo basi tena. Bi Sweta hakumwonea huruma. Alikuwa ameshaelewa, au alidhani ameelewa: huyu bwana alijua siku zote. Amekubali hadharani ili apate nafasi ya kuwa peke yake na Mkuu, aniuze huko ndani kwa kituo, kuanzia shangazi mpaka chupa ya maji. Akachukua ramani iliyokunjwa, kisingizio cha mkononi, akapita kati ya watu hadi mlangoni kwa Mkuu. Mlango haukufungwa sawasawa.

"Mgongo, Mkuu," Jicho alikuwa anasema. "Unanisumbua tangu ujana. Joto linanisaidia."

"Una cheti cha daktari?"

"Sina. Ila ukitaka kunipeleka kwa daktari wa bodi, mimi nitakwenda."

Bi Sweta alisimama pale na ramani yake kama mtu aliyekwenda kumkamata mwizi, akakuta mzigo wa wizi uko begani mwake mwenyewe. Aibu ilimpanda usoni ikawa ya moto kuliko kiti. Angeweza kurudi kinyumenyume. Mgongo wa Jicho ungepimwa, ungekutwa mzima, na Jicho angeonekana mwongo kwenye faili lake mwenyewe. Yeye Bi Sweta angeendelea na sweta zake. Alifikiri hayo yote, nisimsingizie wema asiokuwa nao. Kisha akausukuma mlango.

"Anadanganya, Mkuu. Kiti hicho ninakikalia mimi, nilivibadilisha. Nina selimundu. Nilizaliwa nayo. Na hakuna shangazi yeyote aliyekufa."

Ndipo Bi Sweta alipotambua kwamba chumba kile kilikuwa na joto. Akainua macho. Mdomo wa kiyoyozi juu ya meza ya Mkuu ulikuwa umezibwa kwa jalada la faili, limezungushiwa selotepu pande zote nne, na selotepu yenyewe imekuwa ya kahawia kwa kukaa.

Mkuu akayafuata macho yake hadi juu, akawa kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sufuria.

"Miaka mitano," alisema. "Niliikuta hapa hiyo kumi na nane. Nikamuuliza aliyenitangulia, akasema watu wa ramani wanaipenda hivyo, wakiguswa wanaandika barua. Mimi ni nani nije niwaharibie hewa yao?"

"Na majina?" Jicho akauliza. "Nilikusikia, Mkuu. Ulitaka majina ya wekundu."

"Nilitaka nijue kama kuna mwenzangu!" Mkuu akafungua kifungo cha juu cha koti. Ndani alikuwa na sweta. "Nikipata hata watatu, basi, ningemwambia fundi apandishe, nisionekane najipendelea. Mwezi mzima nangoja majina matatu. Sikupata hata moja, mpaka hiyo kumi na nne."

Jicho akaanza kucheka, Mkuu naye akaanza. Bi Sweta hakucheka.

"Na barua?"

"Barua gani?"

"Ya daktari wa bodi. Ina saini yako."

Mkuu alifikiri, na ilikuwa dhahiri kwamba hakumbuki. "Nasaini barua arobaini kwa wiki," alisema taratibu. "Sikuuliza. Nilipaswa kuuliza. Nitaiondoa kwenye faili lako."

"Iondoe sasa hivi, nikiona."

Mtu aliyeishi miaka kwa kushuku haachi kwa dakika moja. Jicho akaenda na ufunguo wake, akarudi na faili. Mkuu akaichomoa barua, akaichana mara mbili, akaandika mstari chini ya ukurasa na kusaini: *anahitaji joto, apewe*. Bi Sweta akaviokota vipande vyote akavitia mfukoni mwa sweta, kwa sababu karatasi iliyochanwa huweza kuungwa. Hakuna aliyemcheka kwa hilo.

Mkuu akatoka, akaenda ukumbini. Kupitia ukutani walimsikia anauliza waziwazi nani humu anasikia baridi. Kimya. Kimya cha watu thelathini, kila mmoja akingoja mwenzake afukuzwe kwanza. Halafu sauti ya tarumbeta ya mpokea wageni, ndogo kuliko siku zote: "Mimi kidogo, Mkuu." Akafuatia aliyevaa glavu. Baada ya hapo hazikuweza kuhesabika, na fundi akasikika anauliza kwa furaha kama ishirini na sita itawatosha, wengine wamalizie na viti vyao.

Walipotoka nao, Jicho akarudisha faili, akawa anafunga kabati. Bi Sweta akasimama kando yake.

"Ulijua tangu lini, kaka?"

"Ijumaa ileile. Nilikaa, magoti yakanifika kidevuni. Ulisahau kukipandisha, dada."

"Siku tisa! Mbona ulinyamaza?"

Ufunguo ulikataa kuzunguka, au mkono wake ndio uliokataa. "Mdogo wangu wa kike alikuwa akishika kalamu kwa ngumi, kama wewe," alisema. "Alifanya kazi kwenye ghala la samaki wa barafu. Alitaka kuwaambia, wampeleke kwenye mizani, nje, penye jua. Nyumbani tukasema asiseme, atafukuzwa. Yaani mimi ndiye niliyemwambia. Nyamaza, nilimwambia, vumilia. Akavumilia mpaka tukamzika." Akautoa ufunguo, akauacha uning'inie. "Halafu nikakuona wewe na vidole vile. Na kitu cha kwanza nilichofanya, dada, nikaja mbio mezani kwako kukuambia neno lilelile. Usibonyeze."

Bi Sweta aliikumbuka chai aliyoimwaga kwenye sinki. Alitaka kuomba radhi, akaona radhi ni ndogo. Akamshika mkono wake mrefu kwa mikono yake yote miwili, na mara hii mwenye baridi alikuwa Jicho.

"Lakini mimi sikukusikiliza, kaka," alimwambia. "Nilibonyeza. Unanisikia? Mimi nilibonyeza."